Uzi maalumu: Kutunza na kuendesha magari ya zimamoto ya Vita vya Pili vya Dunia

#1. Mleta uzi

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Humu jukwaani tumekwisha kujadili sana malori ya kijeshi ya zamani, hasa Bedford na GMC, lakini magari ya zimamoto yaliyoundwa wakati wa vita hutajwa kwa kupita tu, kana kwamba ni malori ya kawaida yaliyoongezewa ngazi na kengele. Mimi naishi Uingereza, na hujitolea katika karakana ya watu wanaoyafufua magari haya, ambako kazi yangu kubwa iko upande wa pampu. Hoja ninayoileta ni moja. Gari la zimamoto ni mashine mbili katika chesisi moja, lori na pampu, na anayelifufua lori akaiacha pampu imekauka amehifadhi nusu ya gari, tena nusu iliyo rahisi.

Ili kuelewa kwa nini magari haya yana sura yaliyo nayo, inabidi kuanza na hali ya zimamoto ya Uingereza kabla ya mabomu. Kila mji na kila wilaya ilikuwa na kikosi chake, na kila kikosi kilinunua vifaa kwa kadiri ya fedha na matakwa yake. Mwaka 1938 serikali ilianzisha kikosi saidizi cha raia, kilichojulikana kwa herufi AFS, ikakigawia pampu za trela kwa wingi. Lakini magari ya kuzivuta hayakutosha, na London ikalazimika kukodi teksi zake, kuzifunga ndoano nyuma na ngazi juu ya paa. Hizo ndizo zilizoingia mitaani mashambulizi makubwa yalipoanza tarehe 7 Septemba 1940. Usiku wa tarehe 29 Desemba mwaka huo, sehemu ya kale ya jiji iliwaka wakati mabomba makuu ya maji yamepasuka na mto Thames umekupwa sana, na wazima moto wakawa wanakanyaga tope kuyafuata maji ya kufyonza. Katika miji mingine iliyoshambuliwa, magari ya msaada yalifika kutoka mbali na kukuta viungio vya mipira yao ya maji havishikani na vya wenyeji.

Tarehe 18 Agosti 1941 vikosi vyote viliunganishwa kuwa kikosi kimoja cha taifa, NFS, na kiungio cha kuchomeka cha inchi 2.5 kikawa cha wote. Kiungio hicho kinatumika Uingereza hadi leo, jambo ambalo kwetu sisi watunzaji ni neema kubwa, kwa sababu mpira wa kisasa unaingia na kushika kwenye pampu ya 1942 bila kifaa chochote cha katikati.

Gari ninalolijua zaidi ni Austin K2 ya kuvuta pampu. Ndani yake hakuna pampu kabisa. Kuna mabenchi mawili ya kukalia kikosi, nafasi ya mipira na nozeli, turubai la kufungia nyuma, na paa la bamba la chuma lililoimarishwa ili kuwakinga watu dhidi ya matofali na vipande vya chuma vinavyoanguka. Injini ni ya petroli, silinda 6 katika mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 3,460, nguvu farasi takriban 60. Austin ilijenga pia gari la wagonjwa la jeshi juu ya chesisi ya K2, zaidi ya 13,000, na hiyo ndiyo sababu vipuri vya injini na giaboksi bado vinapatikana. Tabu iko kwenye bodi, kwa maana bodi ya zimamoto haifanani na ya gari la wagonjwa, na mlango uliooza inabidi uundwe upya kwa mkono.

Juu yake kulikuwa na magari mazito, kama Fordson 7V, ambalo lilibeba injini mbili za V8: moja mbele ya kuendesha gari, nyingine nyuma ya kuzungusha pampu yenye uwezo wa takriban galoni 700 kwa dakika, yaani karibu lita 3,200. Jeshi la anga lilikuwa na yake ya viwanja vya ndege, yakiwemo Fordson WOT1 ya magurudumu sita, iliyobeba maji na povu la kuzimia ndege iliyoanguka na mafuta yake, na Crossley ya magurudumu manne yote yanayovuta. Bedford QL nayo, ambayo wengi humu mnaijua kama lori la askari, ilijengwa pia kama gari la zimamoto la jeshi. Inatumia injini ya petroli ya lita 3.5 yenye nguvu farasi 72, na kwa kuwa QL zilitengenezwa zaidi ya 50,000, mtu mwenye subira hakosi vipuri.

Niseme mapema, kwa sababu swali hili huja kila mara: lile gari la kijani linaloitwa Green Goddess si la vita. Lilijengwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya hofu ya vita vya nyuklia, likahifadhiwa katika maghala, na umma ukaliona hasa wazima moto walipogoma mwaka 1977 na tena mwaka 2002. Ni gari zuri na bei yake ni nafuu kuliko ya magari ya vita, ila anayekuuzia kwa jina la gari la 1942 anakudanganya. Gari halisi la NFS mara nyingi utalitambua kwa namba yake: mengi yaliandikishwa kwa pamoja London, na herufi kama GXH, GXM na GXN kwenye kibao ni dalili njema.

Sasa suala la rangi, ambalo huleta ugomvi kuliko injini. Wakati wa vita magari ya NFS yalikuwa ya kijivu, taa zimefunikwa ili mwanga usionekane angani, na kingo za makinga-matope zimepakwa nyeupe ili watu wasigongwe gizani. Kikosi hicho kilipovunjwa tarehe 1 Aprili 1948, magari yaligawiwa kwa halmashauri, nazo zikayapaka nyekundu. Baadaye mengine yaliuzwa kwa viwanda, mashamba na gereji, ambako yalipata rangi za kila aina. Kwa hiyo unapolipokea gari kama hilo unapokea tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka ni ushahidi. Ukileta mashine ya kupuliza mchanga siku ya kwanza, utapata chuma kizuri cheupe na utakuwa umefuta karibu miaka 80 ya kumbukumbu.

Tunachofanya karakana kwetu ni kuchagua mahali pasipopigwa jua, mara nyingi nyuma ya kiti au chini ya kishikizo cha ngazi, na kusugua kwa msasa laini wenye maji katika duara dogo lenye ukubwa wa sarafu. Tabaka hutokea moja baada ya jingine kama pete: nyekundu ya mwisho iliyopauka, nyekundu nyingine iliyokolea, praima ya kahawia, kijivu cha NFS, na katika gari moja tulikuta chini kabisa kijani cha kiwandani. Duara hilo tunalipiga picha, tunaliandika, kisha tunaliacha wazi chini ya vanishi. Mlango mmoja tuliosugua ulitoa namba ya kikosi iliyoandikwa kwa brashi, chini ya nyekundu, na hakuna karatasi yoyote iliyokuwa na habari hiyo.

Nitaendelea na pampu katika bandiko linalofuata. Karibuni.

#2. Mleta uzi

Pampu za magari haya kwa kawaida ni za gurudumu linalozungusha maji kwa nguvu ya kuyatupa nje. Pampu ya namna hiyo haina uwezo wa kufyonza hewa. Ikiwa mpira wa kufyonzea una hewa ndani, gurudumu litazunguka bure. Ndiyo maana kuna kifaa cha kuanzishia, ambacho huondoa hewa hiyo kwanza ili mgandamizo wa hewa ya nje uyasukume maji kupanda. Kwa nadharia, maji yanaweza kupanda karibu mita 10 kwa njia hiyo. Kwa vitendo, ukivuka mita 7 au 8 unaomba miujiza.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha pampu ya zamani hufanywa pasipo maji. Unafunga matokeo yote, unaziba mdomo wa kufyonzea, unaanzisha kifaa cha kuondoa hewa na kutazama saa ya mgandamizo hadi ishuke karibu baa 0.8 chini ya hewa ya nje. Kisha unazima kila kitu na kusubiri dakika moja. Hapo ndipo sikio linapofanya kazi kuliko macho: pampu inayovuja hutoa mluzi mwembamba, na ukipitisha kidole kilicholowa juu ya kila kiungio, mluzi hukatika pale kidole kinapoziba tundu. Mara nyingi mwizi ni gasketi ya ngozi iliyokauka kwenye mdomo wa kufyonzea, au bomba jembamba la shaba linalokwenda kwenye saa.

Kuna sehemu nyingine inayowachanganya mafundi wa magari ya kisasa, nayo ni pakingi ya shafti. Leo tumezoea sili isiyotoa hata tone, lakini pampu za wakati huo zilifungwa kwa kamba ya pamba yenye grafiti, iliyobanwa kuzunguka shafti, na kamba hiyo lazima idondoshe maji kidogo ili ipoe na kulainika. Fundi anayeona matone akaikaza nati hadi pakauke anaiunguza pakingi na kuichora shafti mfereji, na shafti ya pampu ya 1941 haiuzwi dukani. Tone moja moja, pampu ikiwa kazini, ndiyo afya yake. Ukimaliza, zungusha vikombe vya grisi kidogo, fungua koki zote za chini, na uizungushe pampu kwa muda mfupi ili maji ya mwisho yatoke, kwa sababu baridi ya Januari huku hupasua ganda la pampu iliyoachwa na maji bila huruma.

Jambo jingine ni upoaji wa injini. Gari linapopiga maji limesimama, hakuna upepo unaoingia kwenye rejeta, ilhali injini inafanya kazi ngumu kwa saa nyingi. Waundaji wengi walitatua hilo kwa kupitisha maji ya pampu ndani ya koili inayopoza maji ya injini. Koili hiyo ikitoboka kwa kutu, tope la mfereji linaingia kwenye injini kimyakimya, na mwenye gari atalaumu gasketi ya silinda hedi mwaka mzima. Ipime kwa hewa kabla ya kuigusa silinda hedi.

#3. Mchangiaji kutoka Arusha

Mkuu, shukrani kwa uzi wenye uzito. Nina maswali mawili. Kwanza, injini hizi zilizaliwa enzi za petroli yenye risasi. Je, petroli ya leo haiziui? Pili, umesema bodi za zimamoto hazipatikani. Je, mtu akichukua chesisi ya gari la wagonjwa akaijengea bodi mpya ya zimamoto, hilo ni gari la kihistoria au ni sanamu?

#4. Mleta uzi

Ndugu, la petroli ni jepesi kuliko watu wanavyodhani. Petroli ya wakati wa vita ilikuwa duni, na injini zilitengenezwa kwa mgandamizo mdogo ili ziimeze, kwa hiyo petroli ya leo ina ubora unaozidi mahitaji yake. Kukosekana kwa risasi kunaweza kula siti za valvu pale injini inapofanya kazi nzito mfululizo, na kupiga pampu kwa saa nzima ni kazi nzito, hivyo wengi huweka siti ngumu siku wanapofungua silinda hedi. Adui wa kweli ni ethanoli, yaani alkoholi inayochanganywa kwenye petroli. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida Uingereza ina hadi asilimia 10 ya ethanoli, nayo hulainisha mipira ya zamani, huharibu boya la gome jepesi la vizibo (cork) ndani ya kabureta lililopakwa vanishi, na huvuta unyevu ndani ya tangi la gari linaloendeshwa kwa nadra. Sisi hutumia ile ya bei ya juu yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5, tunabadilisha mipira yote ya mafuta kuwa ya aina inayostahimili, na hatuachi kabureta na mafuta kipindi cha baridi.

Swali la pili ni zito zaidi. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lina mwongozo unaoitwa Mkataba wa Turin, ambao msingi wake ni kuhifadhi kilichopo kabla ya kufikiria kurejesha, na kuandika wazi kila kilichoongezwa. Kwa mtazamo wangu, chesisi ya gari la wagonjwa yenye bodi mpya ya zimamoto ni kielelezo, na kielelezo si dhambi mradi kibao kiseme hivyo. Dhambi ni kulibomoa gari la wagonjwa lililo zima ili kukitengeneza. Zaidi ya hapo, gari lililogeuzwa linaweza kupoteza hadhi yake ya kisheria. Uingereza, tangu Mei 2018, gari lenye zaidi ya miaka 40 linaweza kusamehewa ukaguzi wa kila mwaka iwapo halijabadilishwa kwa kiasi kikubwa, ingawa kwa magari mazito zipo kanuni nyingine za kusoma kwa makini. Msamaha huo, hata hivyo, haukuondolei wajibu wa kuwa na gari salama. Sisi tunalipeleka gari kukaguliwa hata pale sheria haitudai, kwa kuwa jicho la mtu asiyelipenda gari lako huona mengi.

#5. Mchangiaji, dereva mstaafu

Kijana wangu, nimeendesha Bedford na Leyland Albion kwenye barabara za Tanzania enzi ambazo kwenda Kigoma ilikuwa safari ya kuaga nyumbani. Umeandika mengi kuhusu pampu lakini hujatuambia gari lenyewe linaendeshwaje. Vijana wa leo wakipewa giaboksi isiyo na sinkro, kile kifaa cha kusawazisha mwendo wa gia, wanasaga gia hadi mtaa mzima unatoka nje.

#6. Mleta uzi

Shikamoo Mzee wangu. Uzoefu wako ndio hasa unaohitajika hapa, na ukikaa kwenye kiti cha K2 hutapotea hata dakika moja.

Kwa wasioijua: unapopanda gia, unakanyaga klachi, unaitoa gia hadi katikati, unaachia klachi, unasubiri injini ishuke mwendo, unakanyaga tena na kuingiza gia inayofuata. Unaposhuka gia, pale katikati, klachi ikiwa imeachiwa, unakanyaga mafuta kidogo ili kuipandisha injini kabla ya kukanyaga klachi mara ya pili. Ukilisikiliza gari, gia huingia bila sauti. Ukilazimisha, litakuumbua mbele ya umma wa maonyesho.

Kinacholitofautisha gari la zimamoto na lori tupu ni kwamba halitembei tupu kamwe. Mipira, ngazi, nozeli, nanga za kamba na watu vyote viko juu yake, na nyuma kuna trela ya pampu ambayo, kwa ile tuliyo nayo, ina breki ya mkono ya kuegeshea tu. Kwenye mteremko, uzito wote huo unazikalia breki za dramu za lori, na dramu zikipata moto, kanyagio linakuwa gumu bila gari kupunguza mwendo. Kwa hiyo gia huchaguliwa kileleni, kabla mteremko haujaanza, na ni ileile ambayo ungeitumia kupandia. Mwendo wa raha ni kilomita 55 hadi 60 kwa saa. Foleni ikijikusanya nyuma, tunaingia pembeni na kuwapisha watu. Huo ni uungwana, na pia ni usalama, kwa sababu dereva aliyekasirika hupita mahali pabaya.

Gari halikuzaliwa na taa za kuonyesha upande, na taa ya breki ilikuwa moja dhaifu. Hapo mimi si mshika sheria wa kihistoria: tunafunga ubao wa taa za kisasa nyuma ya trela, unaochomolewa tukifika. Gari lililogongwa kwa ajili ya kuwa halisi halimfundishi mtu chochote. Kengele tunaipiga ndani ya uwanja wa maonyesho, barabarani hapana.

Kuhusu leseni, aliyefaulu mtihani wa gari dogo Uingereza kabla ya tarehe 1 Januari 1997 kwa kawaida anaruhusiwa hadi tani 7.5, waliofuata wanahitaji daraja la C1 kwa gari linalozidi tani 3.5. Ipo na misamaha ya magari ya kale, lakini masharti yake yasomeni kwenye sheria yenyewe na kwenye bima, msiyapokee kutoka kwa mtu kama mimi.

#7. Mchangiaji aishiye Ujerumani

Naomba kuongezea upande wa huku. Kwa sheria ya Novemba 1938, vikosi vya zimamoto vya miji mikubwa vya Ujerumani vilifanywa kuwa sehemu ya polisi, na magari yakaachana na rangi nyekundu na kupakwa kijani cha giza. Majina yake, hasa tangu 1943, ni rahisi kuyasoma: LF 8 ni pampu ya lita 800 kwa dakika, LF 15 ni lita 1,500, LF 25 ni lita 2,500. LF 8 iliyojengwa juu ya Mercedes-Benz L 1500 S ndiyo iliyobaki kwa wingi, kwa sababu baada ya vita vijiji viliendelea kuitumia kwa miongo kadhaa, mara nyingi ikiwa imepakwa nyekundu.

Magari ya mwisho wa vita yana ugonjwa wake. Chuma kilikuwa haba, na bodi nyingi zilijengwa kwa mbao zilizosagwa na kushindiliwa kuwa ubao mgumu. Ubao huo ukiingia maji huvimba na kumenyeka, na fundi wa mabati hana la kufanya, unahitaji seremala. Nimeona mmoja aliyebadilisha bodi yote kuwa ya bati kwa sababu "litadumu", na mimi naungana na mleta uzi kwamba hapo ushahidi wa hali ya vita umetupwa jalalani.

Gari ninalolipenda ni TLF 15 juu ya Opel Blitz ya magurudumu manne yanayovuta, lenye tangi la takriban lita 2,500. Tangi likijaa, maji hayana pa kwenda. Likiwa nusu, tani moja na zaidi ya maji inatembea ndani yake kila unapokata kona, na kama vizuizi vya ndani vimeoza kwa kutu, gari linaweza kukuvuta upande usioutaka. Kanuni ya wenye nayo ni tangi tupu barabarani na kulijaza mkifika. Viungio vya mipira huku ni vya Storz, vilivyofanywa vya taifa zima tangu miaka ya 1930, na bado ndivyo vinavyotumika, kwa hiyo ile neema aliyoitaja mleta uzi tunayo pia. Alama za utawala wa wakati ule zimekatazwa kuonyeshwa hadharani, na watunzaji wengi huacha milango bila nembo. Atakayefika Fulda asikose jumba la makumbusho ya zimamoto lililopo pale.

#8. Mchangiaji kutoka Mombasa

Wakuu, mimi napingana nanyi kwa heshima. Mmekiri wenyewe kwamba shafti haiuzwi na mlango haupatikani. Kwa nini basi gari adimu namna hiyo lipelekwe barabarani, lipigwe mvua, na pampu yake izungushwe kwa maji ya mfereji? Si lingekaa tu ndani ya jumba kavu likatazamwa?

#9. Mleta uzi

Ndugu yangu, hoja yako ina nguvu kwa gari lililobaki moja duniani, na kwa hilo nakubaliana nawe. Kwa yaliyobaki, angalia kinachotokea kwa gari lililosimama: silinda ndogo za breki hugandamana, klachi hushikana na gurudumu la injini, sili hukauka, tairi hupasuka upande mmoja, na pampu iliyofungwa na unyevu ndani huliwa na kutu mahali usipopaona. Mwendo wa upole mara kwa mara huzuia mengi ya hayo. Kuna na elimu inayokufa. Namna ya kuisikiliza pakingi, au kutambua kwa mtetemo wa mpira wa kufyonzea kwamba kichujio kimeziba majani, haiandikiki ikatosha. Hupokezwa mtu akiwa ameishika. Jumba la makumbusho linaweza kuhifadhi chuma, na Hall of Flame kule Phoenix, Arizona, inafanya hivyo kwa ufasaha, lakini chuma kilicho nyuma ya kamba hakimfundishi fundi.

Nakuunga mkono kwenye maji. Tukifyonza kwenye bwawa au mfereji, tunavaa glovu kwa sababu ya magonjwa ya mkojo wa panya, na baada ya kazi tunasafisha na kukausha vifaa vyote ili tusihamishe viumbe na mimea vamizi kutoka bwawa moja kwenda jingine. Pale tunapoweza, tunatumia bwawa la turubai na kuyazungusha maji yaleyale. Si jambo geni: wakati wa vita miji ya Uingereza iliweka matangi ya wazi ya chuma barabarani, mengine ya galoni 5,000, ili pampu zipate maji mabomba yakipasuka. Shinikizo tunalipandisha polepole na hatufiki kiwango cha kiwandani. Umma unafurahia mkondo wa maji vilevile kwa baa 4.

#10. Mchangiaji kutoka Dodoma

Mkuu, ni hatari zipi ambazo mgeni wa magari haya hazijui? Na mwenye kipato cha kawaida aanzie wapi?

#11. Mleta uzi

Hatari ya kwanza ni rimu. Malori mengi ya kijeshi ya Uingereza yana rimu za vipande viwili vilivyofungwa kwa bolti, na kuna duru mbili za nati: moja inaishika rimu kwenye gari, nyingine inavishika vipande viwili pamoja. Ukifungua ile ya pili tairi likiwa na upepo, vipande vinaachana kwa nguvu ya kuua. Jeshi lilizipaka nati za duru hiyo ya pili nyekundu, lakini rangi hufutika na mpakaji wa baadaye hajui. Toa upepo wote kwanza, chomoa na sindano ya valvu.

Ya pili ni vizimia moto vidogo vya shaba ambavyo wauzaji huviuza kama mapambo. Vingine bado vina tetrakloridi ya kaboni ndani, kemikali ambayo mvuke wake ni sumu na ikigusa chuma cha moto hutoa gesi ya fosjini. Usikipige kwa majaribio, usikifungue sebuleni. Ya tatu ni asbesto, iliyomo kwenye lainingi za breki na klachi za zamani na kwenye kamba za kufungia bomba la moshi. Usipulize vumbi la dramu kwa hewa ya kompresa. Na povu lolote la zamani lililobaki kwenye tangi, hasa la miaka ya 1960 na kuendelea, lipeleke kwa wanaoteketeza kemikali, usilimwage mtaroni, kwa kuwa mengi ya hayo yana kemikali za florini zisizooza.

Kuhusu pa kuanzia, ushauri wangu ni pampu ya trela. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya gari, inaingia kwenye gereji ya nyumbani, na ina kila somo nililolitaja isipokuwa gia. Ukiipata, usikimbilie kuiwasha. Toa plagi, mimina oili kidogo ndani ya kila silinda, uiache ilale. Kesho yake ishike hendeli kwa kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, ili injini ikirudi nyuma isikuvunje mkono, uizungushe taratibu. Ikigoma, ongeza oili na subira. Ikizunguka, tazama cheche za magneto, kifaa kinachozalisha umeme wa plagi, kabla ya kununua kitu kingine chochote.